Marekani: kabla ya kulaumu "pesa ni maneno", tuanzie posta

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukifika msimu wa uchaguzi wa Marekani, kauli ni ile ile: mahakama yao ilisema pesa ni maneno, ndiyo maana matajiri wananunua viti. Inatajwa hukumu ya 2010, ya Citizens United, iliyoondoa katazo la makampuni kulipia matangazo ya uchaguzi, inalaaniwa, mjadala umeisha. Mimi naona tunaanzia mwisho wa hadithi. Majaji wa kule walikuwa na kumbukumbu ndefu ya jambo jingine kabisa: serikali kushika chombo kinachobeba maneno, halafu kudai haijagusa maneno yenyewe. Chombo cha kwanza kilikuwa posta. Nitaandika kwa vipande. Maswali ruksa, ila mnivumilie hadi nifike kwenye pesa.

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao yaliidhinishwa 1791: Kongresi haitatunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema wala wa kuchapisha. Mwaka uliofuata Kongresi ikatunga sheria ya posta. Gazeti lilibebwa kwa senti 1 hadi maili 100, na kwa senti moja na nusu kwa umbali wowote zaidi ya hapo. Barua ya karatasi moja inayovuka maili 450 ilitozwa senti 25. Kwa maneno mengine, mwandika barua ndiye aliyelipia safari ya gazeti. Ilikuwa siasa nzuri sana, habari zikafika hadi mashambani. Lakini papo hapo kila mwenye gazeti akawa mteja wa serikali. Posta ikikataa kulibeba, gazeti linakufa, na hakuna ofisa hata mmoja atakayekiri kwamba amelipiga marufuku.

Jaribio kubwa la kwanza ni 1835. Jumuiya ya Kupinga Utumwa ya Marekani, yenye makao New York, ilituma kwa posta maelfu ya magazeti na vijitabu kwenda majimbo ya kusini, kwa wachungaji, wafanyabiashara na wanasiasa ambao wala hawakuviagiza. Usiku wa Julai 29 kundi la watu likavunja posta ya Charleston, South Carolina, likachukua vifurushi hivyo, vikachomwa moto hadharani. Mkuu wa posta wa nchi nzima, Amos Kendall, aliulizwa wasimamizi wa posta za kusini wafanye nini. Hakuwaamuru wazuie, ila aliwaachia wazuie. Desemba ya mwaka huo Rais Andrew Jackson akaiomba Kongresi sheria ya kuzuia posta isibebe machapisho ya uchochezi kwenda kusini.

Hapo ndipo pananivutia. Aliyesimama kumpinga Jackson alikuwa John C. Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa. Hoja yake ilikuwa kwamba ukiipa serikali kuu mamlaka ya kuamua leo kwamba chapisho hili ni la uchochezi, umeipa mamlaka ya kuamua kesho kwamba si la uchochezi na kulilazimisha liingie kwenu. Akataka sheria ya majimbo ndiyo itawale. Muswada ulishindwa Seneti 1836, na mwaka huo huo sheria mpya ya posta ikafanya kuwa kosa kwa msimamizi wa posta kuzuia barua isivyo halali. Vitabuni ulikuwa ushindi. Kusini, barua za kupinga utumwa ziliendelea kuzuiwa mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Nitapita haraka miaka iliyofuata. 1873 ilikuja sheria ya Comstock dhidi ya "uchafu" katika posta, iliyobana hadi maelezo ya kitabibu ya uzazi wa mpango. 1878 Mahakama ya Juu ilisema mambo mawili katika hukumu moja: barua iliyofungwa haifunguliwi bila hati ya upekuzi, kana kwamba bado iko nyumbani kwa mwenyewe, lakini Kongresi inaweza kuchagua kipi posta ibebe na kipi isibebe. La kwanza ni ulinzi mkubwa, la pili liliacha mlango wazi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mkuu wa posta Albert Burleson aliupitia mlango huo. Gazeti la kijamaa la Milwaukee Leader lilinyang'anywa kibali cha bei nafuu ya posta. 1921 majaji 7 dhidi ya 2 walimuunga mkono Burleson. Jaji Holmes alikuwa mmoja wa wale wawili, na aliandika kwamba serikali ina hiari ya kuiacha kazi ya posta, lakini maadamu inaifanya, kutumia posta ni sehemu ya uhuru wa kusema karibu sawa na kutumia ulimi. Ilichukua miaka 25 kwa wazo hilo kuwa la walio wengi, 1946, pale posta ilipotaka kulinyima jarida la Esquire bei hiyo ya nafuu, hasara ya karibu dola 500,000 kwa mwaka, kwa sababu mkuu wa posta aliona halina manufaa kwa umma. Mahakama ilikataa, bila jaji hata mmoja kupinga.

Sasa kesi ninayoipenda kuliko zote, Lamont, ya 1965. Kongresi ilikuwa imetunga sheria 1962 kuhusu barua zisizofungwa kutoka nje zenye "propaganda ya kisiasa ya kikomunisti". Posta haikuzichoma. Ilizishikilia, kisha ikakutumia kadi: tuna kitu chako cha aina hii, ukikitaka rudisha kadi hii, usipojibu ndani ya siku 20 kitateketezwa. Ni hivyo tu. Hakuna kesi, hakuna faini, ni kuweka alama na kurudisha. Corliss Lamont alishikiliwa nakala ya Peking Review. Hakurudisha kadi, akaenda mahakamani. Posta ikajibu kwamba kwa kuwa umeshtaki, maana yake unaitaka, basi tutakuletea, kesi haina maana tena. Akakataa. Alisema hataki jina lake likae kwenye orodha ya serikali ya watu wanaotaka propaganda ya kikomunisti.

Mahakama ilimpa ushindi bila jaji hata mmoja kupinga. Jaji Douglas alieleza kwamba mwalimu mwenye ajira ya umma ataogopa kurudisha kadi ile, na hofu hiyo ndiyo inayofanya kazi ya marufuku. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Marekani kwa Mahakama ya Juu kubatilisha sheria ya Kongresi kwa kigezo cha uhuru wa kusema. Miaka 174 tangu katiba iseme hivyo, na kilicholeta hukumu hiyo ni kadi ya posta!

Shikeni mambo mawili hapo: kwamba kubana chombo ni kubana neno, na kwamba orodha ya majina mikononi mwa serikali inaogopesha. Yote mawili yanarudi kwenye pesa, na yanavutana.

Tausi wa Minnesota

Kalamu, Mungu akubariki kwa kuandika kwa utulivu. Mimi naishi huku, na kila mwaka wa uchaguzi sanduku la barua linajaa makaratasi mazito yanayong'aa, picha ya mgombea mmoja anatabasamu, mwenzake amewekwa kwa rangi ya kijivu kama maiti. Chini kwa herufi ndogo: "Imelipiwa na" fulani wa fulani, jina zuri la kizalendo, na humjui ni nani. Swali langu ni mawili. Je, naweza kuwazuia wasiniletee? Na la pili, jumuiya yetu ya Waswahili hapa mjini ilitaka kuweka vipeperushi kuhusu uchaguzi wa bodi ya shule kwenye masanduku ya majirani, kaka mmoja akatuonya kwamba ni kosa la jinai. Kweli? Sanduku ni langu, nimelinunua mwenyewe dukani.

Mpanga Barua

Naongeza kidogo kabla Kalamu hajajibu, maana niko kwenye kituo cha kuchambulia barua, Ohio. Mizigo ya kampeni hufika na lebo nyekundu, ya kura zenyewe na barua za ofisi za uchaguzi ni kijani. Lebo nyekundu ni ya kututambulisha kwamba huu ni mzigo wa kisiasa, usikae ukasahaulika kona. Hatusomi kilichoandikwa ndani, na haituhusu. Chama gani, mgombea gani, haijalishi, mzigo unaondoka. Nilivyosoma habari ya Charleston hapo juu nimeelewa kwa nini wasimamizi wetu wana ukali sana kwenye jambo hili.

Kalamu Nyeusi

Mpanga Barua, asante, hilo ndilo la kuonyesha watu.

Dada Tausi, la kwanza. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Rowan. Sheria ilimruhusu mwenye nyumba kuiambia posta kwamba matangazo ya mtumaji fulani yananikera kwa uchafu wake, na mtumaji akaamriwa amfute kwenye orodha yake. Wafanyabiashara walidai uhuru wao wa kusema. Jaji Mkuu Burger akawajibu kwamba haki ya mtumaji inakoma kwenye sanduku la asiyetaka. Uzuri wake ni kwamba mwenye uamuzi ni anayepokea, serikali ni tarishi tu. Sheria ile ilihusu matangazo ya biashara anayoyaona mwenye nyumba kuwa ya kuchochea ashiki, kwa hiyo haitakusaidia kirahisi kwa karatasi za kampeni. Hizo dawa yake ni pipa la taka.

La pili, kaka yenu alikuwa sahihi, msiweke. Sheria ya shirikisho inakataza kutia kitu kisicho na stempu kwenye sanduku la barua, na adhabu ni faini. Jumuiya za raia za Greenburgh, New York, zilipinga hadi Mahakama ya Juu zikashindwa 1981. Mahakama ilisema ukishaliweka sanduku kwa ajili ya posta linakuwa sehemu ya mfumo wa posta, hata kama ulilinunua mwenyewe. Binafsi naona hukumu ile iliwaumiza watu wadogo wasio na hela ya stempu, na majaji wawili waliopinga walikuwa na hoja. Lakini ndiyo sheria. Mnaruhusiwa kugonga mlango na kumkabidhi mtu mkononi au kuacha kwenye mpini wa mlango, mradi hakuna zuio la mahali penyewe.

Nirudi kwenye mada, sasa pesa.

Mwaka 1907, baada ya kashfa ya makampuni ya bima kuchangia kampeni ya Theodore Roosevelt ya 1904, Kongresi ilikataza makampuni kuwachangia wagombea wa shirikisho. Mengi yalifuata, mengi hayakutekelezwa. Ikaja kashfa ya Watergate iliyomwangusha Rais Nixon. 1974 Kongresi ikaweka ukomo wa kila kitu: mchango wa mtu mmoja kwa mgombea dola 1,000 kwa uchaguzi, matumizi ya mgombea yana kiwango, pesa yake mwenyewe ina kiwango. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba mtu binafsi asiye na uhusiano wowote na kampeni asitumie zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka kumhusu mgombea anayetajwa.

Jiulizeni hiyo dola 1,000 ilimaanisha nini. Majaji walijiuliza. Katika kesi ya Buckley ya Januari 1976, iliyopinga sheria hiyo, waliweka kwenye tanbihi bei halisi: ukurasa mzima wa tangazo katika gazeti moja la kila siku la jiji kubwa, Januari 1975, ulikuwa dola 6,971.04. Karibu mara saba ya ukomo. Yaani raia akitaka kulipia ukurasa mmoja kusema "msimchague huyu", siku moja tu, ni mhalifu. Wakasema hata kipeperushi cha hali ya chini kabisa kina gharama za karatasi, uchapaji na usambazaji. Kukwambia sema unavyotaka ila usizidishe matumizi, waliandika, ni kama kukwambia endesha gari popote upendapo kwa tangi moja tu la petroli.

Mnaiona posta hapo? Ni hoja ile ile ya 1946. Anayebana chombo anabana neno.

Kwa hiyo mahakama ilivunja ukomo wa matumizi na ikaacha mambo mawili yasimame: ukomo wa mchango unaomkabidhi mgombea, kwa sababu hapo ndipo rushwa inapoingilia, na wajibu wa kutangaza majina ya wachangiaji. Kesi ile haikufunguliwa na matajiri peke yao. James Buckley alikuwa seneta wa wahafidhina, lakini pembeni yake alikuwepo Eugene McCarthy, aliyempa shida Rais Lyndon Johnson 1968 kwa sababu ya Vietnam, na tawi la New York la chama cha kutetea uhuru wa raia. Waliogopa sheria ya walio madarakani inayopanga mpinzani wao atumie shilingi ngapi.

Sasa 2010. Sheria ya 2002 ilikataza makampuni na vyama vya wafanyakazi kulipia matangazo ya redio, televisheni, kebo na setilaiti yanayomtaja mgombea, siku 30 kabla ya uchaguzi wa mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Barua na karatasi havikuwemo katika kifungu hicho. Shirika la Citizens United lilitaka kuonyesha kwa njia ya kebo filamu ya kumpinga Hillary Clinton. Machi 2009 majaji wakamuuliza wakili wa serikali: je, kitabu? Kama kampuni imekilipia na ndani yake kuna sentensi inayosema mpigieni kura fulani? Akajibu kwamba kwa mantiki ya katiba serikali ingeweza kukataza. Kesi ikasikilizwa upya Septemba, wakili safari hii akiwa Elena Kagan, ambaye leo mwenyewe ni jaji. Akarudi nyuma kuhusu vitabu. Akaulizwa, na kijitabu je? Akasema kijitabu ni tofauti, hicho ni kampeni hasa.

Kijitabu. Kitu kile kile kilichochomwa Charleston. Ukijua historia yao, unaelewa kwa nini serikali ilishindwa siku ile, 5 kwa 4.

Ngalawa ya Tanga

Mkuu umeeleza vizuri, lakini umeruka upande wa pili, na mimi siwezi kuuacha. Katika Buckley yupo Jaji White aliyepinga kuvunjwa kwa ukomo wa matumizi. Alisema Kongresi ni watu waliopigania uchaguzi, wanajua pesa inavyofanya kazi kuliko majaji. Na 2000 Jaji Stevens aliandika wazi kwamba pesa ni mali, si maneno.

Halafu tukumbuke kwetu. 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilifanyiwa marekebisho ikaruhusu takrima, mgombea kuwakirimu wapiga kura kama ukarimu wa jadi. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda Mahakama Kuu, na 2006 vifungu vile vikabatilishwa kwa kuwa vinambagua mgombea maskini na kufungua mlango wa rushwa. Majaji wetu walitazama usawa. Wale wa Marekani 1976 waliandika kwamba wazo la kupunguza sauti ya wengine ili kuinua sauti za wenzao ni geni kabisa kwa Marekebisho ya Kwanza. Kabisa! Mtu mwenye runinga kumi na mtu mwenye mdomo mmoja, kwao ni sawasawa. Hapo mimi na wao tunaachana.

Kalamu Nyeusi

Ngalawa, hiyo takrima umeiweka mahali pake, na sikatai uzito wake. Ila tuzitenganishe. Takrima ni pilau, kanga na hela vinavyokwenda kwa mpiga kura. Hiyo Marekani pia ni kosa, kununua kura hakulindwi na uhuru wa kusema. Kilicholindwa ni hela inayokwenda kwa mchapaji, kwa redio, kwa posta, ili mpiga kura asomeshwe hoja kisha aamue mwenyewe.

Hoja ya usawa ina nguvu, na ile sentensi ya "geni kabisa" naona waliiandika kwa ukali kuliko walivyohitaji. Swali langu kwako ni moja: nani atapima? Kiwango cha matumizi kitapangwa na Bunge, yaani na walioshinda mara ya mwisho. Aliyeko kitini anajulikana tayari, ana ofisi, anatajwa kwenye habari kila wiki, na mbunge wa Marekani ana haki ya kuwatumia wapiga kura wake barua za kikazi bila stempu, saini yake ndiyo stempu. Mpinzani hana hata kimoja. Ukomo ukiwa mdogo, anayeumia ni yule asiyejulikana. White alisema wabunge wanajua uchaguzi. Ndiyo, wanaujua vizuri mno, na ndiyo hofu yangu.

Ngalawa ya Tanga

Nimekuelewa. Lakini jibu lako linamwacha tajiri pale pale alipo. Super PAC moja, yaani kamati ya siasa inayopokea michango isiyo na ukomo, inamwaga mamilioni, wewe unaniambia mpinzani asiyejulikana. Asiyejulikana huyo anapata wapi mamilioni kama si kwa tajiri yule yule?

Kalamu Nyeusi

Hapo ndipo nilipotaka kufika, na ndipo hasira yangu ilipo.

Watu wote wanakumbuka 5 kwa 4 ya 2010. Hukumu hiyo hiyo ina sehemu nyingine iliyopita 8 kwa 1: serikali ina haki ya kumtaka anayelipia tangazo ajitaje na kueleza pesa imetoka wapi. Jaji Thomas peke yake alikataa. Jaji Kennedy aliyeiandika alijenga hukumu nzima juu ya dhana kwamba matumizi yako huru, na mpiga kura ataona papo hapo nani analipa, kwa kuwa sasa kuna intaneti. Nguzo moja ikasimama, ya pili haikujengwa.

Angalieni inavyokwenda. Muuguzi akimchangia mgombea wa Kongresi zaidi ya dola 200 kwa jumla, jina lake, anwani, kazi na mwajiri wake vinaingia kwenye kumbukumbu za Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC, na mtu yeyote duniani anavisoma bure. Miezi miwili baada ya hukumu ya 2010, mahakama ya rufaa ya Washington iliruhusu kamati zinazofanya matumizi huru kupokea michango isiyo na ukomo, ndizo super PAC. Nazo zinatangaza wachangiaji wao. Lakini mchangiaji anaweza kuwa shirika lililosajiliwa kwenye kodi kama la ustawi wa jamii. Shirika la aina hiyo linaruhusiwa kufanya siasa mradi isiwe kazi yake kuu, na halilazimiki kuuambia umma majina ya waliolipa. Tangu 2020 hata mamlaka ya kodi haipelekewi majina hayo kwenye ripoti ya mwaka. Kwa hiyo unafungua kumbukumbu, unakuta mamilioni yametoka kwa "Wananchi kwa ajili ya Mustakabali Mwema", na njia inaishia hapo. Muuguzi anajulikana mpaka mtaa wake, bilionea hajulikani. Hili ndilo karatasi la dada Tausi lenye jina zuri chini.

Na halihitaji kubadilisha katiba! Muswada wa kuziba tundu hili ulipita Baraza la Wawakilishi 2010, ukakwama Seneti, umerudishwa mara kadhaa, umekwama. FEC yenyewe kisheria ina viti 6 vya makamishna, si zaidi ya 3 wa chama kimoja, na kitu hakipiti bila kura 4. Kila kambi inaweza kuizuia nyingine. Wanaopiga kelele kuhusu majaji wangesukuma hapa, tungekuwa mbali.

Sasa nijibu mtego ambao najua mtauleta, maana niliugusa kwenye Lamont: orodha za majina zinaogopesha. Ni kweli. 1958 jimbo la Alabama lilitaka orodha ya wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, na kila mtu alijua mwanachama mweusi akitajwa atafukuzwa kazi au atachomewa nyumba. Mahakama ilikataa, na ilifanya haki. Halafu yupo Margaret McIntyre wa Westerville, Ohio. Aprili 1988 aligawa vipeperushi nje ya mkutano wa shule kupinga kodi mpya ya shule. Alivitengeneza kwenye kompyuta yake, akamlipa mchapaji aongeze nakala, mwanawe na rafiki yake wakasaidia kuvibandika kwenye vioo vya magari. Baadhi vilisainiwa tu "Wazazi na Walipa Kodi Wanaojali". Jimbo likampiga faini ya dola 100 kwa kutoweka jina. Alifariki kabla kesi haijaisha, familia ikaiendeleza, na 1995 akashinda 7 kwa 2.

Mimi naweza kusimama na mama yule na bado nikadai jina la bilionea. Mama wa Westerville alitumia pesa ya vocha, hakuna diwani angemlipa fadhila. Sababu ya kutaka majina ni kujua nani atadai fadhila baada ya uchaguzi, na fadhila haziji kwa karatasi za kwenye vioo vya magari. Weka kiwango kiwe cha juu, dola 10,000 kwa mfano, mwachie muuguzi faragha yake, halafu fuatilia hela kubwa mpaka kwa binadamu wa mwisho aliyeitoa, hata ikipita kwenye mashirika matano. Leo mambo yamegeuzwa juu chini. 2021 mahakama ilizuia California isikusanye majina ya wafadhili wakubwa wa mashirika ya hisani, 6 kwa 3, na hoja kuu ilitoka kwenye ile kesi ya NAACP. Ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu anayeogopa kuchomewa nyumba leo imeshikwa na wenye mabilioni. Hilo linaniuma kuliko hukumu ya 2010.

Ngalawa ya Tanga

Kwenye majina tuko pamoja, saini yangu ipo. Kwenye ukomo bado sijahama. Hata ukinionyesha jina la aliyemwaga milioni 50, ameshazimwaga, na kura imeshapigwa.

Tausi wa Minnesota

Nawafuatilia nyote. Kalamu, kuna jambo linatusumbua kwenye grupu letu la WhatsApp na watu wanapeana majibu ya kubahatisha. Wengine tuna uraia, wengine grini kadi, wengine wako na viza ya kazi au ya masomo. Kuna mgombea wa bodi ya shule tunampenda, amefanya harambee ya chakula cha jioni, tiketi dola 50. Nani aruhusiwe kununua?

Kalamu Nyeusi

Hili msikisie, lina makali.

Mwenye uraia na mwenye grini kadi wote wanaruhusiwa kuchangia. Grini kadi haikupi kura, lakini sheria ya pesa za kampeni inakuhesabu pamoja na raia. Aliye na viza ya kazi, ya masomo au ya matembezi haruhusiwi kutoa hata dola moja, kwa uchaguzi wa shirikisho, wa jimbo wala wa mtaa, na bodi ya shule imo. Tiketi ya harambee ya mgombea ni mchango, hata kama utakula sahani mbili.

Wapo waliojaribu kulipinga. Mwanasheria mmoja wa Kanada na daktari, wote wakiwa na viza za muda New York, walikwenda mahakamani katika kesi ya Bluman. Mwanasheria alitaka kuchangia wagombea, na pia kuchapisha vipeperushi vya kumuunga mkono Obama avigawe Central Park. Walishindwa 2011, hukumu ikaandikwa na Jaji Kavanaugh kabla hajafika Mahakama ya Juu, na Januari 2012 Mahakama ya Juu ikaikubali bila kuandika maelezo. Kwa hiyo kulipia vipeperushi vya "mchagueni fulani" nako kumo kwenye katazo.

Wenye viza hawajafungwa mdomo lakini. Wanaweza kujitolea bila malipo: kupiga simu, kugonga milango, kutafsiri kwa wazazi wasiojua Kiingereza. Wanaweza kusema na kuandika kuhusu shule, kodi, uhamiaji, chochote, bila kulipia kampeni ya kumchagua au kumwangusha mtu. Wasikae tu kwenye kikao kinachoamua pesa za kampeni ziende wapi.

Na muwaonye hasa vijana: usimpe mwenye uraia dola 50 zako akununulie tiketi kwa jina lake. Kuchangia kwa jina la mtu mwingine ni kosa linalojitegemea, kwa aliyetoa na kwa aliyekubali jina lake litumike. Kama mgeni ameshanunua tiketi kabla hajajua, amwandikie mweka hazina wa kampeni leo, arudishiwe hela yake, na barua hiyo aitunze.